Chokaa baharini: nani atashika kipimo?

Bwana Mhariri,

Tumesoma katika gazeti lenu habari ya kampuni za ng'ambo zinazotaka kumwaga chokaa, chuma na mabaki ya mimea baharini ili maji yafyonze hewa ukaa, kisha ziuze tani za hewa ukaa iliyofyonzwa kwa wenye viwanda. Habari ilikuwa nzuri, ila imeishia mahali ambapo kazi ndipo inapoanzia: nani anatoa kibali, nani anapima, na nani ana mamlaka ya kuamuru meli isimame.

Msomaji wa Bukavu anaweza kuuliza bahari inatuhusu nini sisi tuliojificha huku milimani. Maji ya Ziwa Kivu yanatokea hapa hapa mjini kwa mto Ruzizi, yanaingia Tanganyika, yanashika Lukuga hadi Lualaba, na safari yao inaishia Atlantiki, kwenye ile pwani fupi ya Moanda ya kilomita 40 hivi ambayo ndiyo pekee nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inayo. Tena, kuchezea maji yenye gesi si jambo geni kwetu. Ziwa hili limebeba chini yake kilomita za ujazo 60 hivi za methani na 300 hivi za hewa ukaa, ile ile ambayo kandokando ya Goma na Sake watu huiita mazuku inapolala mabondeni na kuua mbuzi. Kwa hiyo tuna haki ya kusema neno.

Tuanze na chokaa, maana ndiyo inayosifiwa zaidi sasa. Maji ya bahari yana pH (kipimo cha asidi: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni alkali) ya 8.1 hivi. Hewa ukaa ikiingia humo inageuka asidi dhaifu. Chokaa iliyozimwa, yaani iliyochomwa kisha ikatiwa maji, ikiyeyuka inaishika asidi hiyo na kuifanya bikaboneti, ambayo hukaa majini maelfu ya miaka bila kurudi angani, na maji yaliyopungukiwa hewa ukaa huvuta hewa ukaa nyingine kutoka juu. Kikemia hakuna udanganyifu hapo. Tani 1 ya chokaa iliyozimwa, ikiyeyuka yote, inaweza kuvuta hewa ukaa inayokaribia tani 1.

Lakini chokaa haiokotwi ikiwa chokaa. Hutokana na jiwe lililochomwa, na jiwe lenyewe linapochomwa hutoa hewa ukaa: kwa kila tani ya chokaa iliyozimwa, kilo 595 zinatoka ndani ya jiwe, mbali na moshi wa makaa au mafuta ya tanuru, ambao huongeza kilo 200 au zaidi. Tanuru lisilokamata moshi wake linabakiza faida ya kilo mia na kitu tu, na meli bado haijawasha injini. Ndiyo maana anayeomba kibali cha kumwaga chokaa aulizwe kwanza habari za tanuru lake, kabla hata samaki hawajatajwa. Na tusisahau ukubwa wa jambo: chokaa yote inayochomwa duniani kwa mwaka ni tani milioni 400 na ushee. Ingemwagwa yote baharini, nyumba zikakosa plasta na migodi ya Katanga ikakosa ya kupunguzia asidi, isingefyonza hata asilimia 2 ya tani bilioni 37 za hewa ukaa zinazotokana na makaa, mafuta na gesi kila mwaka.

Shida ya pili ni kipimo cha kumwaga, na hapa tunaomba msomaji avumilie tarakimu. Katika majaribio ya maabara yaliyochapishwa mwaka 2022, maji ya bahari yaliyotiwa chokaa iliyozimwa kiasi cha gramu 9 hivi kwa kila lita 1,000, yaani bidoni 50 za lita 20, yalitulia siku nyingi bila tatizo. Kiasi kilipofanywa mara mbili, mambo yakageuka. Maji yalianza kutoa chembe nyeupe za chokaa-mawe, zile zile zinazofanya ukoko ndani ya birika la chai, na kila chembe ikawa kitanda cha nyingine kukulia. Mwishowe uwezo wa maji kushika hewa ukaa ukashuka chini ya pale ulipokuwa kabla ya kutiwa chochote. Maana yake ni kwamba aliyezidisha hakupata faida ndogo. Alipata hasara, kwa sababu chokaa-mawe inapoganda majini huiachia hewa ukaa.

Sasa geuza hesabu hiyo iwe ya meli. Ili tani 1 tu ya chokaa ibaki katika kiwango cha gramu 9, inahitaji mita za ujazo 110,000 za maji. Huo ni uwanja mzima wa mpira uliojazwa maji hadi kina cha mita 15. Meli inayotaka kumwaga tani 1,000 inahitaji viwanja elfu vya namna hiyo, na inabidi maji yachanganyike upesi kabla unga haujafanya mawingu. Unga mkavu ukimwagwa juu huganda vidonge: nje vinapata gamba, ndani havijayeyuka, vinazama navyo kwenda kutua juu ya chaza na kaa. Maziwa ya chokaa, yaani chokaa iliyokorogwa na maji, ni afadhali, yakitolewa kwa bomba nyuma ya pangaboi, ila bomba huziba, na fundi aliyechoka huongeza presha badala ya kulisafisha. Hapo kwenye mdomo wa bomba pH inaweza kupita 10 kwa dakika kadhaa. Mayai ya samaki yanayoelea juu hayana pa kukimbilia.

Wengine wanasema waache chokaa, watumie mchanga wa jiwe la olivini ufukweni. Sawa, moshi wa tanuru haupo. Ila olivini hubeba nikeli na kromu, na huyeyuka polepole mno isipokuwa ikisagwa laini, na kusaga kunakula umeme. Hatutaingia zaidi humo.

Chuma kina historia ndefu zaidi. Tangu 1993 kumefanywa majaribio zaidi ya 10 ya kutia chuma katika bahari zisizo nacho ili mwani mdogo ustawi, ufyonze hewa ukaa, ufe na kuzama nayo. Katika maji ya pH 8 chuma hugeuka kutu haraka, kwa hiyo hutumika salfeti ya chuma iliyoyeyushwa katika maji yenye asidi kidogo, ikitolewa kwa mpira nyuma ya meli pamoja na gesi ya alama ili doa lifuatwe lisipotee. Mwani hustawi kweli. Kuzama ndiko kunakoshinda. Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani na India walirutubisha doa la kilomita za mraba 300 kusini mwa Atlantiki, eneo lisilo na silika (madini ya mchanga) ya kutosha. Mwani wenye gamba la silika, ambao ndio mzito, haukuota. Ukaota ule mdogo laini, vidudu vikaula, na hewa ukaa ikarudi pale ilipotoka. Watafiti hawa walistahili sifa: serikali ya Ujerumani iliwasimamisha kwanza, ikaagiza tathmini, kisha ikawaruhusu, nao wakachapisha hata kilichoshindikana.

Linganisha na yaliyotokea miaka mitatu baadaye. Mwaka 2012, mbali na pwani ya magharibi ya Kanada, karibu tani 100 za salfeti ya chuma zilimwagwa kutoka kwenye meli moja, katika mradi ambao wanakijiji waliambiwa utarudisha samoni wao na kuleta fedha za kaboni. Kijiji kilikuwa kimekopa zaidi ya dola milioni 2. Samoni walipoonekana wengi mwaka uliofuata kila upande ulidai ushindi, na hakuna aliyeweza kuthibitisha lolote, kwa sababu hakukuwa na doa la pili lisilotiwa chuma la kulinganishia. Kuna pia hatari isiyopigiwa kelele sana: baadhi ya mwani unaopenda chuma ni ule unaotengeneza sumu inayopita kwa dagaa hadi kwa anayewala.

Kuhusu kuzamisha mimea, inatosha mfano mmoja. Mwaka 2023 kampuni moja ya Marekani ilizamisha karibu na Iceland tani 19,000 hivi za vipande vya mbao vilivyopakwa unga wa chokaa-mawe, ikauza kredi za kaboni, yaani vyeti vya tani za hewa ukaa zinazodaiwa kuondolewa, na mwaka 2024 ikafunga milango. Sasa nani atateremsha kamera huko chini kwa miaka 20 ijayo kuona mbao zinaoza vipi na zinakula oksijeni kiasi gani? Swali hilo lilipaswa kujibiwa kwa fedha benki kabla mbao hazijapakiwa.

Hapa ndipo Kivu lina la kufundisha. Mtambo wa gesi ulioanza kazi upande wa Rwanda mwaka 2016 kwa megawati 26 unavuta maji kutoka zaidi ya mita 300 kwenda chini, unayaacha yatoe gesi, kisha unayarudisha ziwani. Neno lote liko kwenye hilo la kurudisha. Maji ya chini ni mazito kwa sababu ya chumvi na hewa ukaa, ingawa yana joto kuliko ya juu, na uzito huo ndio mfuniko wa sufuria. Ukiyarudisha juu mno, mbolea iliyolala chini karne nyingi itaamsha mwani katika mita 60 za juu ambako dagaa wetu waitwao sambaza wanaishi, oksijeni itaisha na harufu ya mayai viza itapanda. Ukiyarudisha bila mpango, unaulegeza mfuniko wenyewe, na kila mtu hapa anajua habari ya Ziwa Nyos la Kameruni, ambako usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 gesi iliua watu 1,700 na zaidi. Kwa hiyo wataalamu walikaa chini mwaka 2009, kabla ya mtambo mkubwa wa kwanza, wakaandika masharti ya kiufundi: matabaka ya ziwa yasivunjwe, eneo la viumbe lilindwe, kina cha kurudishia maji kiheshimiwe, na ziwa lipimwe mfululizo. Mtu anaweza kulalamikia mengi kuhusu gesi ya Kivu, nasi tunayo yetu, lakini mpangilio ulikuwa sahihi: masharti kwanza, pampu baadaye. Wanaotaka kupandisha maji ya kina kirefu baharini kwa mabomba ili kulisha mwani wanafanya jambo lile lile, ila bahari haina mkutano wa nchi mbili tu wa kulisimamia.

Na Kivu lina mfano wa upande wa pili. Sambaza si wa asili ya ziwa hili. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo usiku taa za mitumbwi mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti ndizo zinazolisha soko la Kadutu. Hakuna anayewataka waondoke. Lakini kiroboto wa maji aitwaye Daphnia, aliyekuwa akiula mwani wa ziwa, alitoweka baada yao. Kama si watafiti waliokuwa wamechota sampuli kabla ya hapo, leo tusingejua hata kwamba aliwahi kuwepo.

Sampuli za kabla, basi. Wengi hudhani ni kuchovya kifaa cha pH majini na kuandika namba. Kwa kazi hii kifaa cha kioo hakitoshi, kwani katika maji ya chumvi hukosea kwa 0.02 au zaidi; pH hupimwa kwa rangi maalum na mwanga. Vinavyohitajika hasa ni viwili: jumla ya alkali, yaani uwezo wa maji kuzima asidi, na jumla ya kaboni iliyoyeyuka. Chupa ya kioo kigumu ya mililita 500 hujazwa kutoka chini kwa mpira bila mapovu, ikaachwa ifurike, kisha inapunguzwa kidogo ili ibaki nafasi ya asilimia 1 juu, ikatiwa mililita 0.1 za kloridi ya zebaki iliyokolea, na kizibo kikapakwa grisi. Zebaki ni sumu, isishikwe bila glovu wala isimwagwe baharini. Ukiisahau, bakteria wataendelea kupumua ndani ya chupa na kaboni itapanda yenyewe. Ukiacha chupa juani kwenye boti, ni hivyo hivyo kwa kasi zaidi.

Ukifanya yote vizuri, maabara bora itakupa alkali kwa usahihi wa maikromoli (kipimo kidogo cha wingi wa kemikali) 2 kwa kilo, wakati bahari yenyewe ina 2,300 hivi. Zile gramu 9 za chokaa tulizozitaja ni nyongeza ya 250. Hiyo inaonekana waziwazi. Lakini maji yakichanganyika na mengine mara mia, 250 inabaki 2.5, na chombo chenyewe kinakosea kwa 2. Huku nyuma, maji huchukua miezi kadhaa hadi zaidi ya mwaka kuvuta hewa ukaa yote yanayoweza, na yakizama kabla ya hapo hayavuti kitu. Kwa hiyo tani zinazouzwa hazijawahi kupimwa na mtu. Zimehesabiwa na programu ya kompyuta. Hatusemi programu ni uongo. Tunasema anayeuza tani asiwe ndiye anayeendesha programu.

Moanda ingekuwa ngumu kuliko mahali pengi. Mto Kongo unamwaga pale mita za ujazo 40,000 hivi kwa sekunde, maji yenye alkali kidogo kuliko ya bahari, yanayosogea na misimu. Mabadiliko ya mto peke yake yanaweza kumeza alama ya meli nzima ya chokaa. Asiyepima angalau mwaka mzima kabla hatajua kipi ni chake na kipi ni cha mto. Na pale kuna hifadhi ya mikoko iliyotangazwa mwaka 1992, kuna nguva, kuna kasa wanaotaga, kuna wavuvi.

Sheria zipo, lakini zina matundu. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1989, unalazimisha kulinda bahari, unakataza kugeuza uchafuzi wa aina moja kuwa wa aina nyingine, na unataka athari zitathminiwe kabla. Tarehe 21 Mei 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari ilisema wazi kwamba gesi zinazopasha dunia joto ni uchafuzi wa bahari, na ikakumbusha kwamba mitambo ya kuchezea bahari itakuwa kinyume cha mkataba ikiwa inahamisha tu uchafuzi. Nchi za Mkataba wa London wa 1972, unaohusu kutupa vitu baharini, na Itifaki yake ya 1996 zilikubaliana mwaka 2008 kwamba kurutubisha bahari kusiruhusiwe ila kwa utafiti halali, na mwaka 2010 zikatoa utaratibu wa tathmini. Mwaka 2013 zikaandika marekebisho ya kufanya jambo hilo liwe sheria ya kufunga. Yanahitaji theluthi mbili ya wanachama kuyakubali, na waliokubali ni wachache mno, hayajaanza kutumika. Mwaka 2023 zilionya tena kuhusu chokaa, mwani wa kuzamishwa, mawingu ya kunyunyizwa chumvi na mapovu ya kuakisi jua, zikataka yasiyo utafiti yasubiri.

Tundu la kwanza ni bomba. Sheria za London zinashika kinachomwagwa kutoka melini; anayepitisha magadi au alkali nyingine kwenye bomba la maji taka la pwani anabaki mikononi mwa ofisi ya mkoa. Ghuba ya St Ives, Uingereza, iliwahi kuwa katika mpango wa namna hiyo, na wenyeji waliandamana mwaka 2023. Tundu la pili ni bendera. Meli hupandisha bendera ya nchi isiyo mwanachama, basi. Dawa ya hilo iko bandarini. Itifaki inamhesabu pia anayepakia shehena katika nchi mwanachama, kwa hiyo mzani wa bandari una nguvu kuliko doria ya baharini ambayo hatuna. Matadi, Boma na Banana, meli ikipakia tani za chokaa au salfeti bila anwani ya mpokeaji, iulizwe.

Sisi si wapinzani wa majaribio. Mwezi wa Agosti 2025 watafiti wa Marekani walimwaga lita 65,000 hivi za magadi makali (sodiamu hidroksaidi) katika Ghuba ya Maine, wakiwa na kibali cha idara ya mazingira ya nchi yao na baada ya wananchi kusikilizwa. Walichanganya rangi nyekundu ili kuliona doa, na meli ikalifuata. Ukubwa kama huo tunauelewa: mdogo, unaoonekana, usiouza kitu.

Tunachoomba wizara za mazingira na bahari huko Kinshasa ni kwamba kibali cho chote cha aina hii kibebe namba ya kusimamia iliyoandikwa kabla. Kwa chokaa, kwa mfano: pH ikizidi 9 popote nje ya mkondo wa meli, au ikiwa bado juu ya 8.5 baada ya saa nne, valvu inafungwa, na anayefunga awe mkaguzi wa serikali aliye melini. Gharama ya kupima mwaka mmoja kabla na miaka kumi baadaye iwekwe benki siku ya kibali, ili kampuni ikifilisika chupa ziendelee kujazwa. Takwimu mbichi ziwekwe hadharani, si ripoti yenye picha. Na hakuna kredi hata moja inayouzwa kutokana na jaribio.

Vipimo vya kabla havihitaji kumsubiri mwombaji. Chuo cho chote chenye boti, chupa 24 kwa mwezi na mahali pa kuzipeleka kinaweza kuanza Moanda msimu huu wa mvua, vituo vinne kutoka mdomo wa mto kwenda nje, kina cha mita 1, 10 na 50, chupa mbili kila mahali. Hapa Bukavu tuko tayari kuwafundisha vijana namna ya kujaza chupa bila povu. Maji ya ziwa yanatosha kwa mazoezi.

Walimu wa kemia na wahandisi wa maji,
Nguba, Bukavu